Zimesimama zote?

Rafiki yangu mmoja mfamasia alipita kunisalimia nikiwa katikati ya kazi, akavuta kiti akaketi pembeni. Kwenye skrini kulikuwa na grafu ya umbali wa chembe dhidi ya muda, mistari kadhaa, kila mmoja na jotoridi lake. Mstari wa chini kabisa ulipanda kwa kasi, ukafika mahali ukalala, ukakaa hivyo kwa muda mrefu sana, ndipo mwishoni ukaanza kuinuka tena polepole. Nikaweka kidole pale ulipolala. "Hapa chembe zimesimama," nikamwambia.

Akaangalia.

"Zimesimama zote?"

Nikamwambia mstari ule ni wastani wa chembe zote zilizomo. Akaitikia "sawa" kwa sauti ya mtu ambaye hajapata alichouliza, tukaenda kunywa chai. Kazi yake yeye ni vidonge: anataka kujua kama dawa iliyotengenezwa leo itakuwa vilevile mwakani. Kazi yangu mimi ni kuiga kwa kompyuta mwendo wa chembe ndani ya michanganyiko inayopozwa bila kuwa fuwele, mpaka inageuka kioo. Wiki zikapita. Nikifungua grafu yoyote ya namna ile, swali lake linafunguka nalo.

Sanduku la Kob na Andersen

Karibu kila anayefanya kazi hii amewahi kupitia sanduku moja. Mwaka 1995 Walter Kob na Hans C. Andersen walichapisha matokeo ya mchanganyiko wa chembe za aina mbili, A na B, 800 kwa 200, ndani ya sanduku ambalo kila upande wake una urefu wa vipenyo 9.4 vya chembe A. Walianzia kwenye kielelezo cha miaka kumi nyuma, cha Weber na Stillinger, kilichokusudiwa kuiga aloi ya nikeli na fosforasi, wakakirekebisha.

Mimi naupenda ujanja uliomo humo. Chembe za aina moja ukizipoza hujipanga haraka, safu juu ya safu, zikawa fuwele, na hapo hakuna tena kioo cha kuchunguza. Kwa hiyo A na B zimepewa tabia za kuvuruga upangaji. B ni ndogo kuliko A. A na B huvutana kwa nguvu mara 1.5 ya ile ya A na A, na zinaweza kusogeleana hadi 0.8 ya kipenyo, karibu kuliko ukubwa wao ungekufanya utarajie. B na B mvuto wao ni 0.5 tu. Matokeo yake kila B inataka kuzungukwa na A, na fuwele haipati pa kuanzia. Si milele, maana siku hizi imeonekana kwamba sanduku likiwa kubwa na muda ukiwa mrefu, hata mchanganyiko huu huishia kuganda kwa mpangilio. Ila unatupa nafasi ya kutosha kutazama.

Kinachofuata ni Newton. Unakokotoa nguvu, unasogeza kila chembe hatua ndogo, unakokotoa tena, mamilioni kwa mamilioni ya mara. Na sanduku lenyewe halina kuta: chembe inayotokea kulia huingilia kushoto, ili chembe elfu moja zijione kama zimo katikati ya bahari isiyo na mwisho.

Hilo la kuta nitalirudia.

Pale mstari unapolala

Tangu Einstein mwaka 1905 tunajua jinsi ya kupata kiwango cha usambaaji kutokana na mwendo wa chembe. Pima kila chembe imefika umbali gani kutoka ilipoanza, upige umbali huo mraba, tafuta wastani, gawa kwa mara sita ya muda. Jibu ni D. Sharti ni moja: usome D pale ambapo wastani huo unakua sambamba na muda, si kabla.

Kimiminika kikiwa na joto sharti hilo hutimia upesi. Ukikipoza, katikati ya grafu kinazaliwa kile kipande kilicholala. Katika sanduku la Kob na Andersen hulala kwenye thamani ya kama 0.03, yaani chembe haijasogea hata sehemu ya tano ya kipenyo chake. Imo kizimbani. Inagonga jirani huyu, inarudi, inagonga yule. Na kizimba chenyewe kimejengwa na chembe ambazo nazo zimefungwa, kila moja mfungwa na kila moja ukuta wa mwenziwe.

Wawili wale walishuka kutoka jotoridi 5.0 mpaka 0.466 kwa vipimo vya kielelezo. D ikaporomoka, na namna ilivyoporomoka ilielekeza kwenye 0.435, mahali ambapo nadharia waliyokuwa wakiipima ilidai mwendo ungekoma kabisa. Nadharia hiyo ilidai pia kwamba kipeo cha mporomoko, yaani namba inayosema mporomoko ni mkali kiasi gani, kiwe kimoja kwa A na kwa B, na kiwe kilekile kwa muda ambao mchanganyiko unautumia kusahau mpangilio wake. Walichopata kwa D kilikuwa takriban 2.0 kwa A na 1.7 kwa B, na kwa ule muda wa kusahau kikawa kikubwa zaidi ya vyote viwili.

Nilikuwa nimezisoma namba hizo zamani, nikazipita. Baada ya swali la yule dada mfamasia nilizisoma tena nikazikalia. Iwapo kila chembe inapungua mwendo kwa namna moja, kwa nini vipimo viwili vya kitu kilekile vitofautiane?

Chembe moja moja

Nikaweka wastani pembeni. Nikafungua faili la mahali zilipo chembe, jotoridi 0.45, nikaanza kuzifuata moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa A. Nikachora mahali pake dhidi ya muda: mstari mnene unaotetemeka palepale, unaendelea kutetemeka, halafu bila dalili yoyote unahama kwa karibu kipenyo kizima na kuanza kutetemeka pengine. Baadaye kidogo ukahama tena. Nikachukua jirani yake wa vipenyo vichache kando. Huyo hakuhama muda wote wa faili. Jotoridi ni lilelile, sheria ni zilezile, na sanduku ni moja.

Nikachagua muda ule ambao mstari wa wastani ndiyo kwanza unaanza kuinuka, nikazipa chembe rangi kwa umbali ziliokwenda: buluu kwa zilizobaki, nyekundu kwa zilizohama. Nilitarajia nyekundu zitapakaa sandukuni bila mpango. Hazikupakaa. Zilikuwa zimekusanyika pamoja, huku sehemu kubwa za sanduku zikiwa buluu tupu.

Nilikaa mbele ya picha ile kwa muda mrefu.

Si kwamba jambo hili halijulikani. Aneesur Rahman, mwaka 1964, akiwa na atomi 864 za argoni katika kompyuta ya maabara ya Argonne, tayari aliweka kipimo cha kuonyesha ni kiasi gani umbali wa chembe unapotoka kwenye mgawanyo wa kawaida wa takwimu, ule wenye umbo la kengele. Kwa kimiminika kile cha argoni upotofu ulikuwa mdogo na wa kupita. Kwa mchanganyiko unaokaribia kuwa kioo, upotofu huo hupanda kadiri unavyopoza, na kilele chake huja hapohapo ambapo mstari unaanza kuinuka. Nilikuwa nikikikokotoa kila mara kwa sababu programu inakitoa, namba miongoni mwa namba. Kuona rangi ni kitu kingine.

Sogeeni nyuma

Mwaka 1997 na 1998 Kob, Donati, Plimpton, Poole na Glotzer walilifuatilia jambo hili kwa sanduku la chembe 8000. Walichambua karibu asilimia 5 ya chembe, zile zilizokwenda mbali kuliko nyingine zote katika muda uliochaguliwa, wakauliza: zinahamaje?

Zinahama kwa foleni. Chembe moja inatoka, ya nyuma yake inachukua nafasi iliyoachwa, nyingine inachukua nafasi ya hiyo. Aliyepanda daladala iliyojaa anaujua mwendo huu. Konda anaita "sogeeni nyuma", mtu mmoja anapata upenyo, na wanne watano walio nyuma yake wanasogea kila mmoja alipokuwa mwenziwe, ilhali upande wa pili wa gari hakuna aliyeinua hata mguu.

Foleni nyingi ni fupi, za chembe mbili tatu. Ndefu ni adimu, lakini urefu wake wa wastani huongezeka kadiri jotoridi linavyoshuka. Na hazikubaki kuwa mambo ya kompyuta. Mwaka 2000 Eric Weeks na wenzake walitazama kwa hadubini vitufe vya plastiki vilivyosongamana ndani ya kimiminika, vikubwa vya kutosha kuonekana kimoja kimoja, wakakuta vinavyohama navyo huhama kwa makundi. Kila nikisoma matokeo yale napata utulivu fulani. Sanduku letu la namba lilisema kweli juu ya kitu kilichokuwa kwenye kioo cha hadubini.

Kwa hiyo jibu la yule dada lilikuwa tayari: hapana, hazikusimama zote.

Lakini jibu hilo lilizaa shaka mbaya zaidi. Kama chembe chache ndizo zinazobeba karibu umbali wote, basi D ninayoiandika kwenye jedwali ni ya nani?

Wastani mbili, hadithi mbili

Chukua mfano wa hesabu tupu. Chembe 100. Kati ya hizo, 90 zinaruka mara moja kila vipimo 1000 vya muda, na 10 zinaruka mara moja kila kipimo 1.

Ukiuliza kasi ya wastani ya kuruka, unapata 0.1009. Sehemu ya 0.1 imeletwa na zile kumi peke yake. Tisini zote kwa pamoja zimechangia 0.0009. Ukiuliza muda wa wastani wa kusubiri, unapata 900.1, na sasa mambo yamegeuka: tisini ndizo zinazoamua, kumi hazionekani. Chembe zote zingekuwa sawa, kasi ukiizidisha kwa muda ungepata 1. Hapa unapata karibu 91.

Usambaaji husikiliza zenye mbio. Mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka, husikiliza zilizokwama, kwa sababu hakitiririki mpaka zilizokwama ziachie. Kanuni ya zamani inayounganisha D na mnato, ambayo hufanya kazi vizuri kabisa kwa vimiminika vya kawaida, huvunjika kwa sababu inadhani pande zote mbili zinazungumzia chembe zilezile. Katika otho-terfenili, kimiminika kinachopendwa sana na wachunguzi wa vioo, molekuli zilizo karibu na jotoridi la kugeuka kioo husafiri kama mara 100 zaidi ya vile mnato wake ungetabiri.

Hapo ndipo nilipoelewa vile vipeo vya 1995. Namba zile tatu hazikuwa kelele za vipimo. Kila moja ilikuwa imewasikiliza watu tofauti sandukuni.

Kusubiri ni sehemu ya jibu

Kwa siku kadhaa nilijishawishi kwamba D haina maana katika jotoridi hizi, kwamba ni namba isiyo ya chembe yoyote. Niliandika hata aya za kusema hivyo. Kisha nikarudi kwenye zile rangi, nikaongeza muda.

Nyekundu zikahama. Waliokuwa buluu wakapata upenyo wao, na wengi wa waliokimbia mwanzo wakanaswa kwenye vizimba vipya. Nikiongeza muda zaidi, mgawanyo ulianza kurudi kwenye umbo la kengele, maana kila chembe A ilikuwa imepita katika hali zote mbili, ya kukwama na ya kukimbia. Katika muda huo mrefu D ni ya kila chembe A, bila upendeleo. Ni namba ya kweli. Kabla ya muda huo si ya yeyote.

Jibu la "zote?" basi linategemea umesubiri kiasi gani, na hili ndilo linaloniuma. Kipimo kimoja cha muda katika kazi ya 1995, kikitafsiriwa kwa argoni, ni kama 0.3 ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Majaribio marefu ya wakati ule yalifika makumi ya nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Kioo cha maabara hutambulika pale mnato unapofika paskali-sekunde trilioni 1, na molekuli kuhitaji kama sekunde 100 kusahau zilipokuwa. Kati ya pande hizi mbili kuna tarakimu tisa au kumi. Kompyuta za leo, pamoja na prosesa za michoro, zimemega sehemu ya pengo hilo, zikaacha lililobaki likiwa refu bado.

Kuna njia ya kulivuka, na ni nzuri sana. Mwaka 2017 Ninarello, Berthier na Coslovich walionyesha kwamba ukiziruhusu chembe za ukubwa tofauti kubadilishana ukubwa wao, pamoja na kusogea, mchanganyiko hutulia katika jotoridi ambazo hapo awali tulikuwa tunaziona kwa mbali tu. Mchanganyiko wa asili wa Kob na Andersen haufaidiki nayo sana, kwa kuwa A na B zimetofautiana mno kiasi kwamba kubadilishana kwao hukataliwa karibu kila mara. Mwaka 2020 walipatikana ndugu wa mchanganyiko huo, wenye aina ya tatu ya chembe katikati, wanaokubali. Ila njia hiyo hukupa mahali chembe zinapopaswa kuwa, haikupi safari. Hakuna chembe halisi inayobadili ukubwa wake ili ipite. D haitoki humo.

Kwa swali langu, kusubiri hakuna mbadala.

Sanduku halina uso

Nilimpigia simu yule dada nikamweleza yote: makundi, foleni, wastani mbili, kusubiri. Alisikiliza kwa makini. Kisha akaniambia kuhusu indometasini.

Dawa hii ya maumivu na uvimbe huchunguzwa sana katika hali ya kioo, kwa sababu dawa iliyo kioo huyeyuka mwilini kwa urahisi kuliko iliyo fuwele. Hatari ni kwamba ikiwa dukani au kabatini inaweza kuanza kuwa fuwele, na faida yote inapotea. Jotoridi lake la kugeuka kioo ni kama nyuzi 42 za Selsiasi. Wafamasia wana kanuni ya mkono: hifadhi nyuzi 50 chini ya hapo uwe salama. Hiyo ni nyuzi 8 chini ya sifuri. Niambie ni duka gani la dawa pwani linalohifadhi vidonge hivyo. Na unyevu wa hewa ukiingia, lile jotoridi la 42 linashuka.

"Lakini fuwele hazianzi ndani," akasema. "Zinaanza usoni."

Nilienda kusoma. Fuwele za indometasini hukua juu ya uso wa kioo kwa kasi kuliko ndani yake, hata chini ya jotoridi la kugeuka kioo. Mwaka 2011 kundi la Lian Yu na Mark Ediger huko Wisconsin lilipima usambaaji wa molekuli kwenye uso huo, likakuta kwamba kwenye jotoridi la kugeuka kioo ni wa kasi angalau mara milioni 1 kuliko wa ndani.

Mara milioni.

Nilikuwa nimetumia wiki nzima kutafuta zinazokimbia katikati ya zilizokwama, nikiridhika na tofauti za mara kumi, mara mia. Na sanduku langu, lile lisilo na kuta, ambalo chembe ikitoka kulia huingia kushoto, limetengenezwa makusudi lisiwe na uso. Tuliuondoa uso ili chembe chache ziwakilishe kitu kikubwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa maswali ya 1995, na bado ni sahihi kwa mengi. Kwa kidonge, uliondoa mahali penyewe jambo linapotokea.

Sasa nina sanduku jingine. Nimelirefusha upande mmoja na kuacha nafasi tupu juu na chini ya mchanganyiko, kwa hiyo kuna utando wenye nyuso mbili, na siwezi tena kuamuru msongamano uwe kiasi fulani, chembe zenyewe ndizo zinazojichagulia. Nataka D ya kila tabaka, kutoka usoni kuelekea katikati. Ugumu umejitokeza mapema: chembe ya usoni haikai usoni. Inazama, nyingine inapanda, na ule muda mrefu unaohitajika ili D iwe ya kweli unakwisha kabla sijajua nimepima tabaka lipi. Kwa hiyo ninahesabu muda wa kila chembe kubaki katika tabaka lake kwanza, na D itafuata kwa matabaka yale tu yanayoiruhusu.

Nikimaliza hilo nitafunika uso. Yule dada ndiye aliyenitumia matokeo ya 2007: tabaka la dhahabu la nanomita 10 juu ya kioo cha indometasini lilitosha kuzuia ukuaji wa fuwele usoni, na tabaka jembamba la polima nalo lilifanya hivyo. Katika sanduku langu hiyo ni safu chache tu za chembe zilizofungwa mahali pake, na nimeanza na moja.